Perfunctory na Matumizi Yake Mjini Isiolo

Kazi ngumu kuliko zote nilizopewa katika ajira yangu haikuhitaji taipureta. Ilikuwa kumwambia mkubwa wangu kwamba mama yake amefariki, na kumwambia bila salamu, kwa sababu salamu alikuwa amezipiga marufuku ofisini yeye mwenyewe. Alizipiga marufuku kwa neno moja la Kiingereza. Kabla sijafika kwenye asubuhi hiyo sina budi kulieleza neno lenyewe, maana tuliishi nalo kama mgeni asiyejua kuaga.

Neno ni perfunctory. Msijisumbue kulitafuta katika barua za mapenzi. Hata Waingereza, nadhani, hulitoa kabatini siku moja moja. Kwetu Isiolo, kuanzia mwaka wa sabini na sita mpaka miaka ya themanini ilipobisha hodi, lilikuwa neno la kila siku kama chumvi, na lilimwagwa hivyo hivyo.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Pensheni yangu huja bila matata na sipendi kuichokoza. Inatosha kusema kwamba kazi yetu ilihusu chanjo za mifugo, kwamba tulikuwa na paa la bati, kibao kilichofutika maandishi, Land Rover moja, dereva mmoja, na mimi, msichana wa Kiborana aliyerudi kutoka Meru na cheti cha kupiga chapa na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Mkubwa wetu alikuwa mzaliwa wa Murang'a. Alihamishwa kutoka Nairobi akaja na vitu viwili ambavyo havikumwacha kamwe: koti la sufu na kamusi nene ya Kiingereza. Koti la sufu, Isiolo! Mchana hata mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya simu, naye kafunga vifungo vyote.

Siku yake ya kwanza waliingia wafugaji. Wa mbele akatoa salaam aleikum, akaketi, akaanza salamu zenyewe kwa Kiborana. Mimi nikapewa kazi ya kutafsiri, ambayo haikuwa katika barua yangu ya ajira wala katika mshahara.

"Anauliza kama ni amani," nikasema.

"Ni sawa. Anataka nini?"

"Anauliza kama umelala amani. Anauliza watoto ni amani. Anauliza mvua ya kwenu. Anauliza ng'ombe yako ni amani."

"Mimi sina ng'ombe."

Nikamgeukia yule mfugaji nikamwambia kwamba ng'ombe wa mkubwa ni amani. Ningefanya nini? Mtu mzima, na cheo chake, hana hata ndama. Nimwaibishe mbele ya watu siku yake ya kwanza?

"Umemwambia nini?"

"Ametosheka, mzee. Sasa anauliza mbuzi."

Chai ya saa nne ilifika tukiwa bado na yule wa kwanza. Mkubwa akaigonga kamusi kwa kiganja, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Hii salamu yenu ni perfunctory! Perfunctory kabisa!" Kuanzia siku ile amri ikatoka. Mtu akiingia, ataulizwa swali moja tu: kuna shida? Akiwa na shida aiseme, akiwa hana aondoke. Nami nikaambiwa nikiingia ofisini mwake nisianze na habari ya asubuhi. Niseme neno langu, niende zangu.

Alipotoka kwenda kula, niliifungua kamusi kuona tumeitwa nini. Kwa maneno yangu, perfunctory ni kitu kinachofanywa juu juu ili ionekane tu kwamba kimefanywa, moyo ukiwa kwingine. Bora liende. Tena nikaona halitumiki kwa jambo lisilofanywa kabisa. Mtu asiyefagia ni mvivu, lakini anayefagia katikati ya chumba na kuacha pembe, huyo ufagiaji wake ni perfunctory.

Sitajifanya kwamba alikosea moja kwa moja. Salamu za kwetu zina jibu moja tu, nagaa, yaani amani. Nyumba ya Mborana inaweza kuwa inaungua nyuma yake. Ukimsalimu atakujibu amani, watoto amani, mvua amani, ndipo akuombe ndoo ya maji. Mimi mwenyewe, nilipokuwa na haraka ya kwenda kwenye taipureta yangu, niliwahi kuona kwamba tunapoteza muda. Lakini nilijua kitu ambacho kamusi haikukijua, kwa sababu nililelewa na nyanya yangu. Nyanya hakuwahi kunipa habari mbaya bila kupitia salamu zote kwanza. Aliulizia kila mtu na kila mnyama, isipokuwa yule ambaye habari zilimhusu. Huyo alimruka. Ukisikia nyanya ameulizia mpaka kuku wa jirani na mjomba hajatajwa, basi unatafuta pa kukaa, maana habari ni za mjomba. Kufikia hapo moyo umeshakaa sawa, na hajatamka lolote.

Hayo yote sikumwambia mkubwa. Hakuniuliza.

Neno, kwa upande wake, likatoka ofisini likaenda mjini. Wa kwanza kuliiba alikuwa dereva wetu, Mmeru mwenye maneno mengi kuliko mafuta aliyopewa. "Madam," aliniambia tukishuka kuelekea Rapsu, "usiogope, lakini breki ya hii gari ni perfunctory." Niliogopa. Mvua ya Isiolo nayo, ile ya kudondoka kidogo juu ya bati kisha jua likarudi kama halikuwahi kuondoka, ikapata jina lake. Mama aliyetuuzia chai langoni akalichukua, akamwita mumewe hivyo mbele ya wateja, na sidhani kama kuna mtu mjini aliyewahi kulitumia neno lile kwa usahihi zaidi.

Mkubwa alifurahi. Alidhani anatuelimisha. Yeye mwenyewe aliingia kila asubuhi na koti lake, akatupita kama anayepita viti, akafunga mlango. Lakini kila Jumamosi kabla ya kufunga ofisi alizungusha simu, akaomba kuunganishwa na duka moja huko kwao, na mwenye duka akamwita mama yake aje azungumze. Ukuta baina yetu ulikuwa wa mbao nyembamba. Kikuyu sikijui, ila salamu ninazijua hata zikiwa katika lugha ya ndege. Sauti inapanda, inangoja. Inapanda tena, inangoja. Aliulizia nini sijui, labda kahawa, labda majirani, labda huyo ng'ombe asiyekuwa naye. Aliuliza mpaka simu ikakatika.

Mama huyo alikuja kututembelea mara moja. Alishuka kwenye basi na kiondo cha nduma na ndizi, kitambaa kichwani, mwanamke mfupi aliyemlea mwanawe peke yake kwa kulima vibarua mashambani mwa watu, kama dereva alivyonidokeza baadaye. Alipoingia ofisini hakwenda kwa mwanawe kwanza. Alianza na mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanijulia hali, "Wĩ mwega?" na hakuuachilia mpaka alipoona nimejibu kwa macho pia. Kisha akamwendea dereva. Kisha akatoka nje, akaufuata mstari wa wafugaji waliokuwa wakingoja, mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Kulikuwa na mwanamume aliyemjibu kwa Kiborana kirefu. Naye akamjibu kwa Kikuyu kirefu zaidi. Waliendelea hivyo kwa muda mzuri, hakuna aliyeelewa la mwenzake, na walikubaliana kwa kila jambo.

Mkubwa alisimama mlangoni na koti lake, jasho linamtoka. "Mama, watu wako kazini," alisema. Mama alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekatiza wakubwa, akanirudia mimi, akamtuma dereva anitafsirie: je, kwetu ni wazima? Nikamwambia nina nyanya. Akafungua kiondo akatoa nduma mbili, moja yangu, moja ya nyanya. Nilimngoja mkubwa alitoe lile neno lake. Hakulitoa. Siku hiyo kamusi haikufunguliwa.

Basi tukaendelea hivyo hivyo mpaka alipokuja mtu wa Merti.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mjuaji na mgomvi, aliyewahi kutuletea habari za simba ambaye alionekana baadaye kuwa fisi. Hatukuwa na sababu ya kumpenda. Alishuka kwenye lori la mbuzi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Muulize kama kuna shida," mkubwa akaniambia.

Nikamwuliza.

"Nagaa," akajibu. Angejibu nini kingine? Swali la kwanza jibu lake ni amani, hata mtoto wa kunyonya anajua. Akavuta pumzi, akaendelea. Akaulizia nyumba ya mkubwa, mvua ya kwao, watoto. Akaulizia nyanya yangu. Akaulizia mpaka Land Rover. Hapo ndipo nilipoanza kusikia baridi. Mborana ametoka Merti, ameulizia mpaka gari la serikali, na ng'ombe hajawagusa.

"Anasema hakuna shida," mkubwa alisema. "Nimesikia hiyo nagaa. Anayefuata!"

"Mzee, hajamaliza."

"Hiyo ingine ni perfunctory. Anayefuata!"

"Mzee, hajataja ng'ombe."

"Kama hajataja ng'ombe, basi ng'ombe wako sawa." Hiyo ndiyo faida ya digrii.

Nilimkimbilia yule mtu nje. Alikuwa amekasirika hata ndevu zinatetemeka. Alisema hawezi kutoa habari zake mlangoni kama mtu anayefukuzwa, na kwamba ofisi isiyojua kumwuliza mtu kama ni mzima haiwezi kujua kutibu ng'ombe. Akapanda lori. Siku iliyofuata gari letu la chanjo lilielekea Kipsing, ambako hakuna aliyekuwa mgonjwa, na homa ya mapafu ikaingia katika makundi ya Merti bila mtu wa kuizuia.

Mtu wa Merti aliporudi alikuwa amekonda. Ng'ombe wake wengi walikuwa wamekwisha na wa jirani zake pia. Mkubwa alimfokea kabla hajaketi. Kwa nini alisema hakuna shida? Kwa nini alidanganya ofisi?

Yule mtu hakupandisha sauti, na kwa mgomvi kama yeye hilo lilitisha kuliko kelele. "Mwambie hivi," akaniambia. "Aliniuliza salamu, nikamjibu salamu. Habari hakuniuliza."

Nilitafsiri bila kutia sukari. Kisha mkubwa akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuizoea kwake, siku ile yule mtu aliulizia nini hasa. Nikamwambia yote: watoto, mvua, nyanya, Land Rover. Nikamweleza na desturi ya nyanya yangu, mpaka kuku wa jirani na mjomba.

"Kwa hivyo yule ambaye hajatajwa," akasema polepole, "ndiye mwenyewe."

"Ndiye, mzee."

Siku hiyo hiyo gari lilikwenda Merti kuokoa waliobaki, nalo lilikuwa limechelewa. Mkubwa hakumwomba mtu yeyote msamaha. Na marufuku yake hakuifuta. Wakubwa hawafuti amri, huziacha zikauke zenyewe. Ila sikumsikia tena akiziita salamu kwa neno lile, na kuna siku nilimkuta amesimama nje, mikono nyuma, akiwasikiliza wafugaji wakisalimiana. Nilidhani anapunga upepo.

Sasa nafika kwenye asubuhi yenyewe.

Simu ililia kabla mkubwa hajaingia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, kaka yake, ikija na kupotea. Mama alikuwa ameamka salama, akaenda shambani, akaanguka huko huko. "Mwambie, lakini mwambie polepole," aliniomba. Polepole! Katika ofisi ambayo polepole ilikuwa imepigwa marufuku. Nikaweka simu nikasema Inna lillahi peke yangu, nikaikumbuka ile mikono miwili iliyokataa kuuachia wangu. Nililia kidogo, nikajipangusa, nikamwambia dereva.

Dereva, mtu wa maneno mengi, alipata lake moja. "Madam, wewe ndio utamwambia. Mimi nawasha gari." Na akaenda kuwasha, shujaa huyo.

Mkubwa aliingia na koti lake, akatupita, akaketi. Nilimfuata. Nilikuwa na ruhusa ya kusema neno langu na kwenda zangu, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Nilifungua mdomo likakataa kutoka. Sikuogopa amri yake hata kidogo. Nilimwogopea yeye.

"Habari ya asubuhi, mzee?" nikasema.

Akainua kichwa. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kumsalimu.

"Nini?"

"Umelala salama?"

"Dada, sema neno..."

"Watoto ni salama?"

Niliuona mdomo wake ukijikusanya kwa lile neno. Halikuja. Alinitazama, kisha akatazama dirishani, ambako Land Rover ilikuwa ikitetemeka imewashwa na hakuna aliyeagiza safari. Akaweka kalamu chini.

"Watoto ni salama," akasema.

"Mama watoto?"

"Salama."

"Ndugu zako?"

"Salama."

"Mvua ya kwenu?"

"Imenyesha. Ni salama."

"Ng'ombe yako?"

"Ng'ombe ni salama," akasema yule mtu asiyekuwa na ng'ombe, akafumba macho.

Nikaulizia mbuzi. Nikaulizia kahawa. Nikaulizia kuku wa majirani. Nilidhani tumefika, lakini yeye hakutaka tufike. Akaanza kunisalimu mimi. Nyanya yangu ni salama? Ile nduma aliila? Dereva ni salama? Breki za gari ni salama? Yule mtu wa Merti, watoto wake wanapata maziwa? Aliuliza kila moja akingoja jibu, na kila jibu alilipokea kwa kichwa, kama anayepewa kitu cha kubeba. Nilielewa anachofanya. Maadamu tunasalimiana, mama yake yu hai. Ningeweza kusimama pale mpaka jioni, na ningesimama kama angetaka. Lakini salamu nazo zina mwisho.

Nje gari lilikohoa likaendelea kunguruma.

"Kuna mtu hujamwulizia," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Niulize."

"Mzee..."

"Niulize, dada. Tafadhali."

Nikamwuliza. "Mama ni salama?"

"Nagaa," akajibu, kwa lugha yangu, kisha akavua lile koti akajifunika uso nalo.